Je, Wajua? Bingwa wa Wimbledon Mwenye Miaka 46

Je, wajua kwamba mwanamke wa miaka 46 aliwahi kuwa bingwa wa shindano la tenisi la Wimbledon, kule Uingereza? Naam, 46! Hapa Kabati, Kitui, wengi wa umri huo tayari wanaitwa susu, yaani nyanya. Julai 2003, Martina Navratilova aliingia uwanjani na Leander Paes wa India, katika mchezo wa wawili wawili, mwanamume na mwanamke kila upande. Wakashinda fainali 6-3, 6-3, naye akawa bingwa mwenye umri mkubwa kuliko wote katika historia ya shindano hilo.

Ngoja, bado. Taji lake la kwanza pale alilitwaa mwaka 1976. Huyo Paes wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 3!

Je, wajua kwamba lile la 2003 lilikuwa taji lake la 20 Wimbledon? Hapo akamfikia Billie Jean King wa Marekani, aliyeishika rekodi hiyo peke yake tangu 1979. Sasa niulize: King alilipata taji la 20 akicheza na nani? Na Martina huyuhuyu! Alimsaidia mwenzake kuweka rekodi, na miaka 24 baadaye akaifikia mwenyewe. Hili hunifurahisha kuliko mengine yote.

Mwaka 2004, akiwa na miaka 47, alirudi kucheza peke yake. Raundi ya kwanza alikutana na Catalina Castaño wa Kolombia, msichana wa miaka 24. Alimchapa 6-0, 6-1 kwa dakika 46 tu! Ungebandika muthokoi mechi ikianza, ungeukuta bado mgumu mechi ikiisha.

Je, wajua nyasi za Wimbledon hukatwa kila siku ya mashindano zibaki na urefu wa milimita 8? Julai hiyohiyo huku Kitui nyasi zimekauka na ng'ombe wanatembea mbali kutafuta malisho. Na juu ya nyasi hizo mpira haudundi sana, unateleza chini chini, kwa hiyo mchezaji sharti akunje magoti kila mara. Fikiria magoti ya miaka 46!

Njiwa wa pale Wimbledon nao hawaachiwi wajitawale. Kuna mwewe aitwaye Rufus, kazi yake ni kurushwa angani asubuhi ili wakimbie.

Je, wajua mwaka 1908 Charlotte Sterry alishinda akicheza peke yake, akiwa na miaka 37, mama wa watoto wawili, na masikio yake hayasikii? Hadi leo hakuna mwanamke aliyeshinda taji hilo la mchezaji mmoja mmoja akiwa na umri kumzidi. Mwaka uliofuata, kwa wanaume, Arthur Gore akashinda akiwa na miaka 41.

Roger Federer? Miaka 35, Julai 2017, taji la 8 la Wimbledon, na hakupoteza hata seti moja kuanzia raundi ya kwanza hadi fainali. Mwaka mmoja kabla alikuwa amepasuliwa goti. Na mama yake, usisahau, alizaliwa Afrika Kusini.

Sasa sogea karibu, tunarudi nyumbani. Je, wajua kwamba Martina aliwahi kulazwa hospitalini Nairobi? Desemba 2010, akiwa na miaka 54, na mwaka huohuo akiwa ametibiwa saratani ya matiti, aliamua kupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za hisani. Ndiyo, mlima uleule ambao ndugu zetu wa Makueni, upande wa Chyulu, huuona mbingu zikiwa safi. Mapafu yakajaa maji kwa sababu ya kimo, akateremshwa na kuletwa Nairobi, akapona.

Na Mkenya je? Yupo! Angella Okutoyi, pacha aliyelelewa na nyanya yake Nairobi, alizaliwa Januari 2004. Martina alipomchapa Castaño mwezi wa Juni, Angella alikuwa hajatimiza miezi 5. Julai 2022, akiwa na miaka 18, akatwaa taji la wasichana wawili wawili palepale Wimbledon, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mkenya wa kwanza kabisa kushinda taji la vijana la Grand Slam, yaani mashindano makubwa kabisa ya tenisi!

Fainali ilikuwa ya kukata pumzi. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, wakamaliza 11-9 mbele ya Wakanada wawili. Mmoja wao, Victoria Mboko, alikuwa na miaka 15, na wazazi wake wametoka Kongo. Wajua alikofika? Agosti 2025, akiwa na miaka 18, aliwaangusha mabingwa wanne wa Grand Slam katika shindano moja, akabeba kombe la Montreal mbele ya watu wake.