Kilometa 21 kwa Miguu

Siku hizi mbio za barabarani zimeenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Kule Moshi, mbio za Kilimanjaro zilianza mwaka 2003. Maelfu ya watu hukimbia huko kila mwaka. Wengi wao hawakimbii marathoni nzima. Wanakimbia nusu marathoni.

Marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Nusu yake ni kilometa 21 na mita 97 na nusu. Mtanzania mwenzetu, Fabiano Joseph, alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005, huko Edmonton, Kanada. Alitumia saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Maana yake, kila kilometa aliimaliza kwa muda usiofika dakika 3.

Sisi hatutakimbia hivyo. Lakini tuseme tumekubaliana na vijiji jirani kufanya mbio kama hizo. Watu waanzie upande wa Nkwenda, wapite vijijini na kumalizia hapa Rubwera. Je, mtu wa kawaida ajiandae vipi?

Nilipouliza swali hili darasani, mzee mmoja alicheka. Akasema, "Mwalimu, mimi nalima tangu alfajiri. Nimebeba mikungu ya ndizi maisha yangu yote. Mazoezi ya nini tena?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, nguvu unazo, tena kunishinda mimi. Lakini jembe linatumia mgongo na mikono. Mbio zinatumia magoti na vifundo vya miguu. Kila hatua mguu mmoja unapokea uzito wa mwili wote, na zaidi. Katika kilometa 21 hatua hizo ni maelfu mengi."

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Mtu akianza mazoezi, moyo na mapafu hupata nguvu upesi. Baada ya wiki chache hahemi tena kama mwanzo. Anajiona yuko tayari, anaongeza mwendo. Lakini mifupa na kano haziendi haraka hivyo. Kano ni kamba ngumu zinazoshika misuli kwenye mifupa. Zinahitaji miezi ili ziwe imara. Basi moyo unasema twende, na goti linasema bado. Mtu anasikiliza moyo. Baadaye anachechemea wiki sita, na maharage yanaota magugu. Nani atayapalilia?

Kwa hiyo anza miezi minne au mitano kabla ya siku ya mbio. Kama umevuka miaka 40, au una shinikizo la damu, kisukari, au maumivu ya kifua, pitia kwanza zahanati ukapimwe. Mama mjamzito naye amwulize mganga au mkunga.

Wiki mbili za kwanza kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, kwa nusu saa. Fanya hivyo siku tatu au nne kwa wiki. Siku nyingine pumzika, au fanya kazi zako za shamba tu. Kisha punguza kutembea kidogo kidogo. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekwenda mbio mno.

Siku moja katika wiki iwe ya safari ndefu. Anza na kilometa 6. Kila wiki ongeza kilometa 1. Kila wiki ya nne usiongeze, bali punguza, ili mwili ujijenge. Baada ya miezi minne hivi utafika kilometa 16 au 17. Hapo panatosha. Huna haja ya kukimbia zote 21 kabla ya siku yenyewe. Wiki ya mwisho kimbia kidogo sana. Mazoezi ya wiki hiyo hayaongezi nguvu, yanaongeza uchovu tu.

Mama naye anahitaji muda huu. Siku zake za mazoezi, baba achote maji.

Sasa, utajuaje kuwa umekimbia kilometa 6? Wenye simu za kisasa wanaweza kupima kwa simu. Lakini baiskeli nayo inapima vizuri. Funga kitambaa chekundu kwenye ukingo wa gurudumu la mbele. Simamisha baiskeli kitambaa kikiwa chini kabisa, na weka alama ardhini. Isukume moja kwa moja mpaka gurudumu lizunguke mara 10. Weka alama tena. Pima kati ya alama hizo kwa kamba ya fundi. Kwa baiskeli kubwa utapata kama mita 22. Basi mizunguko 100 ni mita 220.

Watu wawili waende pamoja. Mmoja asukume baiskeli, mwingine ahesabu. Kila mizunguko 100 atie punje moja ya haragwe mfukoni. Zikifika punje 96 kasoro kidogo, nusu marathoni imetimia. Mkiona barabara imekuwa fupi, wakimbiaji watageuka mahali na kurudi. Hata wapimaji wa mashindano makubwa ya dunia hutumia baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu.

Nunua pia daftari dogo. Kila siku ya mazoezi andika siku, umbali, muda, na jinsi ulivyojisikia. Kwa mfano: "Jumanne. Km 5. Dakika 40. Goti la kushoto linauma kidogo." Hesabu hii inakuambia mambo mawili. Kwanza, kila kilometa unatumia dakika 8. Kwa mwendo huo kilometa 21 zitakuchukua dakika 168, yaani saa 2 na dakika 48. Pili, ukiona goti limeandikwa mara tatu mfululizo, pumzika wiki nzima.

Kuhusu viatu, raba za mitumba zinafaa kama soli haijalika upande mmoja. Zivae katika mazoezi kwanza. Viatu vipya siku ya mbio ni malengelenge. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki huko Roma mwaka 1960 bila viatu. Lakini nyayo zake zilikuwa zimezoea, na barabara zetu zina vipande vya chupa.

Kimbia upande wa kulia wa barabara, ili magari na pikipiki zije mbele yako na uzione. Usikimbie gizani. Milima yetu ipande kwa hatua fupi. Watu wanaogopa kupanda, lakini kushuka ndiko kunakovunja mapaja. Usijiachie kama jiwe.

Chakula si lazima kiwe cha ajabu. Ndizi, maharage, viazi, ugali, dagaa na mboga vinatosha. Jioni ya mwisho kula ndizi au ugali wa kushiba, lakini si maharage mengi, maana tumbo litakusumbua njiani. Rubisi iache siku mbili kabla. Mwenye mazoea ya kutafuna kahawa atafune kidogo tu.

Maji yanahitaji akili. Anayekimbia bila kunywa ataishiwa nguvu, hasa jua likiwa kali. Lakini anayejaza tumbo maji matupu kupita kiasi naye anaweza kuugua, kwa sababu chumvi ya damu inapungua. Kunywa ukisikia kiu, mafundo machache kila kituo. Waandaaji wanaweza kutengeneza kinywaji kizuri. Katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi.

Siku ya mbio anza polepole. Nayasema haya kwa aibu. Mara yangu ya kwanza niliwafuata vijana waliotoka kama swala. Kilometa ya 14 nilikaa chini ya mwembe. Mama mmoja mwenye umri wa mama yangu akanipita. Akaniambia, "Pole, mwanangu," akaendelea zake. Mwenzetu Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia huko Tokyo mwezi Septemba mwaka 2025. Alimpita Mjerumani hatua za mwisho kabisa, kwa tofauti ya sekunde 3 kati ya 100. Angemaliza nguvu zake mwanzoni, asingempata.

Ukiwa na homa, usikimbie. Nenda ukapimwe malaria. Njiani, ukibanwa na kifua, ukiona kizunguzungu, ukisikia baridi huku jua linawaka, au ukianza kuchanganyikiwa, simama. Mwenzako akikutwa na hali hiyo, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na itwe gari ya kumpeleka kituo cha afya.

Mwaka 1968 John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico na kuumia goti. Alichechemea mpaka mwisho, akafika wa mwisho kuliko wote waliomaliza. Dunia nzima inamsifu, nami namsifu. Lakini yeye alikuwa ametumwa na nchi. Wewe goti likiumia, panda baiskeli ya mtu urudi nyumbani.

Jambo moja ni la waandaaji. Wapeni wakimbiaji wote namba, na kila kituo cha maji kiandike namba zinazopita. Msiondoe ndoo mpaka namba zote zimepita, au imejulikana mwenye namba amebaki wapi.