Gita la Besi Lililong'olewa Meno

Katika kundi lolote la muziki, mpiga besi husikiwa na wote wala hatazamwi na yeyote. Watu humkodolea macho mwimbaji, humtunza mpiga udi, humshangilia mpiga fidla. Yule aliyesimama nyuma na gita lake refu lenye nyuzi nne nene hakumbukwi mpaka siku asipokuwepo. Hapo ndipo wimbo huonekana mtupu, kama nyumba isiyo na msingi.

Lakini hebu wasikilize wapenzi wa gita la besi wanapokutana baraza moja. Mazungumzo hayaishi. Huyu husifu gita la zamani, yule husifu nyuzi, na wa tatu hufungua skurubu akatazama ndani. Katika mabishano yao yote, hakuna lenye moto kuliko hili: Je, inafaa kuling'oa gita freti zake?

Freti, kwa asiyezijua, ni vile vipande vyembamba vya chuma vilivyopachikwa kukingama shingo ya gita, mithili ya vipago vya ngazi. Mpigaji akiubana uzi nyuma ya freti, uzi hukomea penye chuma, na sauti hutoka sawa hata kama kidole kimekosea kidogo. Freti ni msaada mkubwa. Lakini pia ni mipaka.

FUNDI WA REDIO

Majaribio ya gita la besi la umeme yalikuwako tangu miaka ya 1930, lakini lililoenea ulimwenguni ni lile alilolitoa Leo Fender mwaka 1951. Fender alikuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California, Marekani. La ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kupiga gita.

Alichokiona ni taabu ya wapigaji wa dabali besi, kile chombo kikubwa kinachosimamishwa sakafuni, kimo chake kama mtu mzima. Kukisafirisha ni mashaka, na tarumbeta na ngoma zikivuma sauti yake humezwa. Gita la Fender lilining'inizwa begani, likapata nguvu ya umeme, na shingoni likawa na freti 20. Akaliita Precision, maana yake usahihi, kwa sababu freti zilimhakikishia mpigaji sauti iliyo sawa.

Mwaka 1960 akatoa la pili, Jazz Bass, na hapo ushindani ukaanza. Precision lina shingo pana na sauti nene ya kujaa kifua. Jazz Bass lina shingo nyembamba zaidi upande wa vigingi, na sumaku za kunasia sauti ziko pahala pawili. Sumaku iliyo karibu na daraja la nyuzi hutoa sauti kavu yenye ncha, inayosikika wazi hata kundi likiwa kubwa. Wapenzi wa Precision husema gita lao hubeba wimbo mgongoni. Wapenzi wa Jazz Bass hujibu kwamba la kwao huzungumza.

KIDOLE KIMOJA

Kabla ya kununua na kubadilisha vyombo, yafaa kumtazama James Jamerson. Huyu ndiye aliyepiga besi katika nyimbo nyingi mashuhuri za kampuni ya Motown mjini Detroit katika miaka ya 1960. Gita lake kuu lilikuwa Precision la mwaka 1962. Nyuzi zake zilikuwa za kusokotwa bapa, laini kwa kidole, na inajulikana kwamba hakupenda kuzibadilisha. Alizikwaruza kwa kidole kimoja tu cha shahada, na wenzake wakakiita kidole hicho ndoana. Chini ya kifuniko cha daraja mlikuwa na kipande cha sponji cha kuzima mwangwi, ili kila sauti iwe fupi na nzito.

Ukitazama vizuri, mabadiliko yake yote yalikuwa ya gharama ndogo: nyuzi, sponji na kidole. Gita hilo liliibwa muda mfupi kabla ya yeye kufariki mwaka 1983, na wanaolitafuta ni wengi. Lakini mwizi aliiba mbao na waya tu. Ile sauti ilikuwa mkononi mwa mwenyewe.

WALIOTHUBUTU

Sasa tuje kwa wang'oaji. Mwaka 1961 kijana wa Kiingereza, Bill Wyman, alikuwa na gita la besi la bei rahisi. Alilikata kiwiliwili likawa dogo zaidi, akang'oa freti zilizochakaa kwa nia ya kutia mpya. Alipolipiga likiwa halina kitu shingoni, sauti ilimpendeza, akaliacha hivyo hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1962 alijiunga na kundi la Rolling Stones, na gita hilo lilisikika katika sahani zao.

Aliyezidi wote ni Jaco Pastorius, aliyekulia Fort Lauderdale, mji wa pwani huko Florida. Gita lake lilikuwa Jazz Bass la mwaka 1962. Mwenyewe alisimulia kwamba alizitoa freti, akaziba nyufa, kisha akaupaka ubao wa shingo gundi ngumu. Na gundi gani? Ile ipakwayo maboti yasiingie maji! Alikuwa na sababu. Alitumia nyuzi za kusokotwa duara, zinazong'ara kwa sauti lakini hukwaruza mbao kama tupa. Ile gundi iliukinga ubao, na papo hapo ikaipa sauti mng'aro na uhai wa kudumu.

Sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976, na mwaka huo huo akaingia kundi la Weather Report. Wapigaji wakashangaa: besi inaimba! Inateleza kutoka sauti moja hadi nyingine, inalia, inatetema kama koo la mwimbaji. Gita lile liliibwa mwaka 1986. Jaco akafariki mwaka 1987, umri wake miaka 35, na gita likaja kuonekana tena New York mwaka 2006.

SISI TUNALIJUA HILI

Watu wa Pwani hatuna haja ya kushangaa sana. Udi hauna freti. Gambusi la wazee wetu halina freti. Fidla haina, na dabali besi ya vikundi vya taarab vya Unguja haina. Aliyemsikia marehemu Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyetoka Lamu akavuma Mombasa, anajua jinsi kidole kinavyoweza kuikaribia sauti polepole, kikaibembeleza, kisha kikatua.

Tena kuna jambo la maqamu. Chukua Bayati. Ukiianza kwenye sauti ya re, sauti ya pili si mi kamili, wala si mi iliyoshushwa nusu. Iko katikati yao. Katika gita lenye freti sauti hiyo haina pahala pake, kwani iko baina ya chuma na chuma. Mpigaji huiruka, au huuvuta uzi kando kwa nguvu, jambo gumu kwa nyuzi nene za besi. Akikosea, udi husema hili na besi husema lile, na msikilizaji huona vibaya bila ya kujua sababu.

Basi gita la besi lilipoingia katika taarab yetu na kuchukua nafasi ya dabali besi, tulipata wepesi na nguvu, lakini tulifungiwa mlango mmoja. Gita lisilo na freti huufungua mlango huo. Faida hii kwetu ni kubwa kuliko kwa Mmarekani, ambaye nyimbo zake nyingi hazina robo sauti.

KABLA YA KUSHIKA KOLEO

Hata hivyo, ndugu msomaji mwenye gita, usikimbilie koleo. Uzi wa gita la Fender una urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Nafasi ya freti ya kwanza iko karibu sentimita 5 kutoka kikomo cha uzi. Ukivuka freti ya 12, nafasi baina ya freti mbili hupungua mpaka sentimita 2 na nusu hivi. Robo sauti pale ni kama upana wa ncha ya kidole. Bila ya freti, kidole hakikai nyuma ya alama bali juu yake hasa, na kosa dogo husikika ukumbini kote. Asiyekuwa na sikio hatalipata kwa kung'oa chuma.

Pili, gita la zamani ambalo halikuguswa lina thamani kubwa, hasa yale ya Fender yaliyotengenezwa kabla ya kampuni hiyo kununuliwa na CBS mwaka 1965. Freti huweza kurudishwa, lakini ni kazi ya fundi bingwa, na alama ya jeraha haifichiki kwa mjuzi.

Iko njia ya salama. Shingo ya gita la Fender haikugandishwa kwa gundi. Imefungwa kwa skurubu, kwa kawaida nne. Mwenye busara hutafuta shingo ya pili isiyo na freti, akaifunga, na ile ya asili akaihifadhi kabatini. Akichoka au akishindwa, huirudisha, wala hapana majuto. Asiyeweza hayo na alifanyie majaribio gita la bei rahisi, kama alivyofanya Wyman.

Aanze kwa nyuzi bapa zisizokwaruza ubao. Ajifunze nyimbo taratibu akiufuata udi, si akishindana nao. Siku besi yake itakapotua kwenye Bayati pamoja na udi, hapana atakayeuliza gita ni la mwaka gani wala limegharimu kiasi gani. Wahenga hawakusema gita jema. Walisema chanda chema huvikwa pete.