MBAWAKAWA MRUKAJI: JINA LAKE HUTOLEWA KWA USHAHIDI

Mvua za kwanza zinapolishukia bonde la Imbo, taa za Bujumbura hupata wageni wengi. Kumbikumbi huja kwa makundi, nondo huizunguka balbu, na mbawakawa wa kila namna huanguka juu ya meza ya askari wa zamu. Miongoni mwao huwamo mmoja mrefu, mwembamba, wa rangi ya kahawia au nyeusi, ambaye akianguka chali hahangaiki na kutapatapa kama wenzake. Hutulia kidogo, akakunja miguu, kisha mlio mkavu husikika, "tak!", na papo hapo mdudu huyo hurushwa hewani. Akianguka kwa miguu huenda zake. Akianguka chali tena, hurudia kazi ile ile mpaka afaulu.

Wataalamu wa wadudu humweka katika familia iitwayo Elateridae, ambayo duniani kote ina spishi zipatazo 10,000 zilizokwisha kupewa majina. Katika makala haya tutamwita mbawakawa mrukaji. Jambo tunalotaka kulitafakari pamoja na ndugu wasomaji ni hili: mtu hujuaje kwamba mdudu aliyemshika ni wa spishi fulani, wala si ya jirani yake? Na akimpa jina, jina hilo hupata wapi nguvu yake?

Swali hili lawahusu askari na polisi. Kazi yao, kama ile ya mtaalamu wa wadudu, ni kutambua. Mlinzi wa kizuizi hulitambua gari, mpelelezi humtambua mtuhumiwa, na mpiga doria huitambua nyayo njiani. Wote wanafahamu kwamba anayetambua vibaya hutenda makosa mawili kwa mpigo mmoja: humdhulumu asiye na hatia, na humwachia mkosaji aende zake.

ALAMA ZA UKOO

Hatua ya kwanza ni kuujua ukoo wa mdudu. Mbawakawa mrukaji ana alama ambazo hata jicho tupu laweza kuziona. Mwili wake ni mrefu na umechongoka kuelekea nyuma. Ngao inayofunika kifua chake ina pembe mbili za nyuma zilizonyooka kama miiba. Kati ya ngao hiyo na mabawa magumu pana kiungo kilicholegea, hivi kwamba sehemu ya mbele yaweza kuinama na kuinuka.

Alama kubwa zaidi imefichwa chini ya kifua. Hapo pana mwiba unaoelekea nyuma, na mbele yake pana kishimo cha kuupokea. Mdudu akilala chali huukunja mgongo wake, na ncha ya mwiba hunasa kwenye ukingo wa kishimo. Misuli huvuta na nguvu hujikusanya, kama uta uliovutwa ukingoje kuachiwa. Mwiba unapoteleza na kuingia kishimoni, nguvu yote hutoka mara moja. Mlio tunaousikia ni wa tendo hilo.

Mwaka 1972 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Evans alichapisha vipimo vya mruko wa spishi moja ya Ulaya, Athous haemorrhoidalis. Aliona kwamba mdudu huyo hufika kimo cha sentimita 30 hivi, na kwamba wakati wa kurushwa mwili wake hupata mkazo wa mara 380 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Rubani wa ndege ya kivita, akiwa amevaa vazi lake maalumu, hustahimili mara 9 hivi. Mdudu haumii, kwa sababu mwili wake ni mdogo na tendo lenyewe hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Hata hivyo, msomaji asifanye haraka ya kuhukumu kwa umbo. Wako mbawakawa wa familia ya Buprestidae ambao kwa mbali hufanana naye sana, lakini kifua chao hakichezi, na wengi wao hung'aa kama madini. Tena wako wa familia ya Eucnemidae, ambao baadhi yao hulia "tak" vile vile. Kwa hiyo alama moja haitoshi. Mtaalamu hukusanya alama nyingi, akazilinganisha, ndipo aseme.

KUTOKA UKOO HADI SPISHI

Kuujua ukoo ni sawa na kujua kwamba mtu fulani ni mwenyeji wa mkoa fulani. Bado hujamjua yeye mwenyewe. Ili kuifikia spishi, mtaalamu huchukua kioo cha kukuzia au hadubini na kuandika kila kitu kwa utaratibu: urefu wa mwili kwa milimita, rangi, namna manyweleo yanavyolala, mifereji iliyo juu ya mabawa magumu, umbo la kucha, na idadi ya vipingili vya vipapasio pamoja na sura yake. Mara nyingi nje hakuonyeshi tofauti yoyote, ikabidi kuchunguza viungo vya uzazi vya dume, maana spishi mbili zinazofanana kama mapacha huweza kutofautiana hapo. Tangu mwaka 2003 umeenea pia mtindo wa kusoma kipande cha chembe za urithi na kukilinganisha na vingine. Mtindo huo husaidia sana, lakini haukuondoa kazi ya macho na mikono.

Tuchukue mfano wa Afrika yetu. Katika bara hili wako mbawakawa warukaji wakubwa wa jenasi Tetralobus, ambao baadhi yao hupita urefu wa sentimita 6. Mabuu yao hukulia ndani ya vichuguu vya mchwa. Dume lina vipapasio vilivyopanuka kama kipepeo cha kupulizia moto, na vya jike ni kama meno ya msumeno. Asiyejua angeweza kusema kwamba hizo ni spishi mbili, kumbe ni mume na mke. Mmojawapo alipewa jina mwaka 1767 na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, naye akamwita Elater flabellicornis, yaani mwenye pembe za kipepeo. Baadaye alihamishiwa katika jenasi Tetralobus, lakini neno flabellicornis limebaki naye hadi leo.

Katika karne ya 19 daktari mmoja wa Ubelgiji, Ernest Candèze, aliandika juu ya familia hii kwa mabuku manne, kati ya mwaka 1857 na 1863. Alieleza spishi nyingi mno za mabara yote, kwa kutazama vielelezo vilivyoletwa kwake na wasafiri na vile vya makumbusho.

JINA NA KIELELEZO

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mambo. Majina ya wanyama hufuata kanuni za kimataifa, na mwanzo wake huhesabiwa tangu mwaka 1758. Mtu hawezi kusimama barazani na kutangaza kwamba amepata spishi mpya. Hana budi kuchapisha maelezo yanayoonyesha jinsi mdudu wake anavyotofautiana na wengine. Na tangu mwaka 2000, anayeeleza spishi mpya analazimika kutaja waziwazi kielelezo cha jina, yaani holotaipu. Kwa kawaida hicho ni mdudu mmoja, mwenye lebo yake, aliyehifadhiwa mahali panapojulikana.

Polisi watalielewa jambo hili upesi. Neno kielelezo ndilo hilo hilo litumikalo mahakamani. Shahidi aweza kukosea, na hata mtaalamu aweza kukosea. Lakini kielelezo kikiwapo, mtu mwingine aweza kukiendea baada ya miaka mia moja, akakitazama kwa macho yake, akakubali au akakanusha. Jina lisilo na kielelezo ni uvumi tu. Na ikidhihirika kwamba watu wawili walimpa mdudu mmoja majina mawili, kwa kawaida lile lililotangulia ndilo hushinda, bila kujali cheo cha aliyelitoa.

Lebo nayo ina uzito wake. Wadudu wengi waliokusanywa nchini kwetu wakati wa utawala wa Kibelgiji wamehifadhiwa katika makumbusho ya Afrika ya Kati huko Tervuren, karibu na Brussels. Lebo za siku zile ziliandikwa Usumbura, kwa kuwa mji wetu ulianza kuitwa Bujumbura mwaka 1962. Anayetunza vielelezo haruhusiwi kuichana lebo ya zamani na kuandika jina jipya. Huiacha kama ilivyo, akaongeza nyingine chini yake. Mpelelezi hufanya vivyo hivyo: hafuti maelezo ya kwanza ya shahidi, bali huongeza yale yaliyopatikana baadaye, ili hakimu aone njia yote iliyopitiwa.

SI KILA NDUGU NI MKOSAJI

Yawezekana msomaji atauliza faida ya taabu yote hii. Faida ya kwanza imo shambani. Mabuu ya baadhi ya warukaji ni membamba, ya manjano au kahawia, magumu kama waya. Hukaa ardhini, mengine kwa miaka kadhaa, yakitoboa viazi na kula mbegu za mahindi na mizizi michanga. Lakini mengine ya familia hiyo hiyo hula mabuu ya wadudu wengine, na mengine hukaa ndani ya miti iliyooza bila kumdhuru mkulima. Mwenye shamba akimwaga sumu kwa sababu tu ameona buu gumu la manjano, huenda akawaua walinzi wake mwenyewe na kupoteza fedha zake. Ubaya wa mmoja hauwi hukumu ya ukoo mzima.

Faida ya pili imo kambini. Katika Afrika Mashariki yuko mdudu ambaye wengi humwita nzi wa Nairobi, ingawa si nzi bali ni mbawakawa mdogo wa jenasi Paederus, mwenye mapande mekundu na meusi. Haumi wala hachomi. Lakini akipondwa juu ya ngozi, maji ya mwili wake huleta malengelenge mabaya, ambayo mara nyingi hutokea baada ya siku moja hivi. Huyo apulizwe au asukumwe kwa karatasi, asipigwe kofi. Na palipoguswa paoshwe kwa sabuni na maji, wala mkono usipelekwe machoni. Mbawakawa mrukaji hana sumu ya namna hiyo. Askari anayewajua wawili hawa kwa alama zao humwacha mmoja aende zake na kujihadhari na mwingine, wakati asiyewajua humponda yeyote amwonaye, siku moja akaamka na shingo iliyoungua.

WAJIBU WETU

Vituo vya askari na polisi vimetapakaa, kuanzia ufuko wa Tanganyika hadi milima ya Kibira. Zamu za usiku ni ndefu, na taa huwaka mpaka alfajiri. Mwenye hamu aweza kuusaidia ujuzi wa nchi yake bila gharama kubwa. Amtie mdudu katika kichupa chenye spiriti, na ndani yake aweke kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huweza kuyeyuka. Aandike mahali na kimo chake, tarehe, jinsi alivyopatikana, na jina la aliyemshika. Ndani ya hifadhi kama Rusizi au Kibira asiokote kitu bila ruhusa ya wenye mamlaka. Kisha akipeleke kichupa kwa walimu wa Chuo Kikuu cha Burundi, au kwa watafiti wa kilimo wa ISABU.

Jambo moja asilifanye: asibuni. Kama hakumbuki tarehe, aache pengo. Kama hakuona mahali mdudu alipotokea, aandike kwamba alimkuta mezani. Mtaalamu atakayefungua kichupa hicho hatakuwa na mtu wa kumwuliza. Atakuwa na mdudu na karatasi tu, na atatoa jina kwa kuamini kwamba aliyeandika aliandika alichokiona. Hivyo ndivyo pia hakimu anavyoisoma taarifa ya polisi, na kamanda anavyoisoma ripoti ya doria.