Mungu Mwema, Dunia Yenye Uovu: Imani Inapopimwa kwa Mantiki

Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie, mzaliwa wa Australia, alichapisha makala fupi katika jarida la Mind la Uingereza. Aliweka mezani madai matatu: Mungu ni muweza wa yote, Mungu ni mwema kabisa, uovu upo. Kwa hoja yake, anayeyashika yote matatu anajipinga mwenyewe. Lazima aachie moja.

Swali la mateso ni la kale kama kitabu cha Ayubu. Jipya lilikuwa namna ya kuuliza. Falsafa changanuzi, iliyokuzwa na akina Gottlob Frege, Bertrand Russell na G. E. Moore, humtaka mtu afafanue maneno yake, atenganishe dai na dai, kisha aonyeshe kila hatua ya hoja ili mpinzani ajue pa kuishambulia.

Kwa muda mrefu silaha hiyo ilielekezwa kwa dini. Mwaka 1936 Mwingereza A. J. Ayer aliandika kwamba kauli kuhusu Mungu si za kweli wala za uongo; hazina maana, kwa kuwa hakuna tukio la kuonwa au kusikika linaloweza kuzithibitisha. Tatizo ni kwamba hata kanuni hiyo ya Ayer haikuweza kuthibitishwa kwa njia hiyo, na polepole wanafalsafa wakaiacha.

Ndipo waumini nao walipoishika silaha ileile. Alvin Plantinga, Mkristo wa Kikalvini kutoka Marekani, alimjibu Mackie katika vitabu viwili vya mwaka 1974. Mackie mwenyewe alikuwa ametambua kwamba madai yake matatu hayagongani mpaka yaongezwe mengine mawili: kwamba aliye mwema huondoa uovu kadiri awezavyo, na kwamba uwezo wa muweza wa yote hauna mpaka.

Plantinga akalibana hilo la pili. Hata muweza wa yote hachori duara lenye pembe nne. Vivyo hivyo, hawezi kumlazimisha mtu atende wema kwa hiari, maana penye kulazimishwa hiari imekwisha. Basi huenda ikawa dunia ya watu huru wasiokosea kamwe si kitu ambacho Mungu peke yake angeweza kukihakikisha. Plantinga hakudai kuijua sababu ya Mungu kuruhusu mateso. Kuonyesha kwamba madai matatu yanaweza kukaa pamoja, uwezekano mmoja ulimtosha.

Katika kitabu kilichotoka mwaka 1982, baada ya kifo chake, Mackie alikubali kwamba tatizo la uovu halithibitishi kuwa mafundisho makuu ya imani yanajipinga. Hakuwa ameamini, alikuwa ameachia hatua moja ya hoja.

Hata kabla ya hapo mjadala ulikuwa umeanza kuhamia kwingine. Mwaka 1979 Mmarekani William Rowe aliomba msomaji amfikirie mtoto wa kulungu aliyenaswa na moto wa msituni uliowashwa na radi. Anaungua vibaya, analala akiteseka kwa siku kadhaa, kisha anakufa. Hapo hakuna hiari ya binadamu ya kulaumiwa. Rowe hakusema Mungu hawezi kuwapo. Alisema mateso kama hayo yanatupa sababu nzuri ya kutoamini. Mwaka 1984 mwanafalsafa Stephen Wykstra akajibu: kama Mungu yupo, kwa nini akili ya binadamu itarajie kuziona sababu zake?

Mwaka 2009 Oliver Crisp na Michael Rea walihariri kitabu kilichoipa kazi hii jina la teolojia changanuzi, na sasa inagusa Utatu, dhambi na maombi. Wala si mali ya Wakristo pekee. Hoja ya Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, kwamba kila kilichoanza kuwapo kina kisababishi, na kwamba ulimwengu ulianza, ilifufuliwa na Mkristo William Lane Craig katika kitabu cha mwaka 1979 kinachobeba jina la kalam, yaani teolojia ya Kiislamu ya hoja.

Ukosoaji mmojawapo mzito umetoka ndani. Eleonore Stump, bingwa wa mbinu hizi, alichapisha mwaka 2010 kitabu kuhusu mateso kinachochambua kwa kina masimulizi ya Ayubu, Samsoni, Ibrahimu na Mariamu wa Bethania. Anashikilia kwamba kumjua mtu, Mungu akiwamo, kuna sehemu isiyoweza kugeuzwa orodha ya madai. Sehemu hiyo, kwa maoni yake, hupitishwa na hadithi.