Joto la Mombasa si joto la injini: tutie oili gani kwenye magari ya kisasa?

Mwaka jana, Ijumaa moja asubuhi, tulipigiwa simu kutoka Malindi kwamba shangazi yangu ametangulia mbele ya haki, na kwamba atasaliwa na kuzikwa baada ya swala ya Ijumaa. Tukaondoka Mombasa saa tatu, mimi, mama watoto na dada yangu. Tulipovuka tu daraja la Kilifi, taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini ikawaka kwenye dashibodi na gari likaishiwa nguvu. Nikikanyaga mafuta linanguruma, lakini haliendi. Tulipofika Malindi kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Sikupata kumtia mchanga shangazi yangu.

Fundi aliyetuokoa pale Kilifi alikuwa kijana mdogo mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Alifungua kidude kimoja cha ukubwa wa kidole gumba ubavuni mwa injini, akanionyesha kichujio chembamba kilichojaa matope meusi. Akaniuliza, "Ami, unatia oili gani?" Nikamwambia 20W-50, ile ile ninayotia siku zote. Akatikisa kichwa, akafungua kifuniko cha kujazia oili na kunionyesha juu yake. Palikuwa pameandikwa 0W-20. Nilikuwa nimelimiliki gari lile miaka miwili na nimelifungua boneti mara nyingi, lakini sikuwahi kusoma kifuniko kile.

Sina haja ya kumsingizia mtu. Sevisi ile nilikuwa nimeipitisha kwa kilomita nyingi, na galoni nililonunua lilikuwa la bei rahisi mno. Lakini uzito wa oili ulikuwa umeamuliwa na fundi wangu wa siku zote hapa Mombasa, mzee ninayemheshimu, na hoja yake ni ile inayosemwa karibu kila gereji tangu Changamwe hadi Mtwapa: "Mwanangu, Mombasa ni joto. Ile nyepesi ni ya baridi ya Japani. Hiyo ni maji, si oili." Hoja hii inaingia akilini haraka. Ndiyo maana nataka tuitazame vizuri, kwa sababu imewagharimu watu wengi.

Chukua galoni lolote dukani. Utaona maandishi kama 0W-20, 5W-30, 15W-40 au 20W-50. Tarakimu ya kwanza, iliyoshikana na W, inaeleza oili inavyotembea injini ikiwa baridi. Tarakimu ya pili inaeleza uzito wake ikishapata moto, na kipimo hicho huchukuliwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selisiasi. Si nyuzi 32 za Mombasa mwezi wa Februari, bali 100, joto la maji yanayochemka.

Na injini yako, baada ya kuendesha dakika kumi na tano hivi, inakaa kwenye joto lake yenyewe. Ndani mna maji ya kupozea, rejeta, feni na themostati, na kazi yao kubwa ni kuhakikisha maji yale yanabaki karibu na nyuzi 90. Gari likiwa Sapporo theluji imefunika barabara, themostati hufunga mpaka injini ipate moto. Likiwa Mwembe Tayari saa saba mchana, hufunguka na feni ikazunguka. Joto la nje huongeza kidogo, hasa foleni ikiwa haisogei, lakini si kiasi cha kuigeuza injini ya Japani kuwa injini nyingine. Joto tunalolisikia sisi mgongoni silo linalosikiwa na pistoni.

Upande mmoja yule mzee ana haki, na nimpe haki yake. Ile 0W hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri na zaidi. Baridi hiyo hatutaiona hapa kwetu, wala hata Limuru. Kwa hiyo kati ya 0W na 5W, mtu wa Pwani hatapata tofauti ya kutisha. Lakini alfajiri, unapowasha gari kuwahi kazi, oili yoyote iko kwenye nyuzi 25 au 26, na hapo iko nzito mno kuliko inavyokuwa ikishapata moto. Oili ya 20W-50 wakati huo inaweza kuwa nzito mara tatu au nne kuliko 0W-20. Inachelewa kupanda juu, na zile sekunde za mwanzo vyuma vinasuguana bila oili ya kutosha. Mimi nilikuwa nikisikia kelele kama ya kokoto zikitikiswa kwenye kopo, sekunde mbili tatu kila asubuhi, nikijiambia gari linazeeka.

Hata ikishapata moto, tofauti haiondoki. Kwa vipimo vya kimataifa vya SAE, oili ya daraja la 50 ikiwa kwenye nyuzi 100 haipungui uzito wa 16.3, ilhali ya daraja la 20 iko kati ya 6.9 na 9.3. Karibu maradufu. Je, injini inajali? Injini za zamani hazikujali sana. Peugeot 504 zilizokuwa teksi wakati tukiwa wadogo zilikuwa na nafasi pana kati ya vyuma, na oili nzito ilizifaa. Injini za siku hizi zimechongwa karibu karibu, pampu zake zimepimwa, na oili imepewa kazi ya pili mbali na kulainisha. Ndiyo inayosukuma mitambo ya kubadilisha wakati wa kufunguka na kufungwa kwa valvu. VVT-i ya Toyota na VTEC ya Honda zote hutegemea shinikizo la oili inayopita kwenye vinjia vyembamba. Kompyuta inaamuru valvu zisogee, oili nzito au chafu inachelewa kufika, kompyuta inaona amri yake haijatekelezwa, inawasha taa. Hicho ndicho kilichonikuta Kilifi.

Magari ya haibridi, ambayo sasa yamejaa mjini, yana jambo lake zaidi. Injini huzima yenyewe unapokwenda kwa betri, kisha huwaka tena, mara nyingi katika safari moja fupi ya kutoka Nyali hadi Marikiti. Oili isiyokimbia haraka inaiumiza injini ya namna hiyo kuliko nyingine. Wazee wetu wa vyombo walilijua jambo hili kwa namna yao: jahazi lile lile, mbao za juu zilipakwa sifa ya papa, na chini kwenye maji likapakwa shahamu na chokaa. Hakuna nahodha aliyepaka kimoja kote kwa kuwa ati bahari ni moja.

Sasa, utajuaje oili ya gari lako? Tazama kifuniko kwanza. Kisha kitabu. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, kwa kuwa sheria inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kitabu kikija huja kwa Kijapani. Usikitupe. Ukurasa wa oili una jedwali, na ndani yake 0W-20 imeandikwa kwa herufi na tarakimu hizi hizi zetu. Simu yako ikiwa na programu ya kutafsiri kwa kamera, utasoma na mengine. Tena angalia ukingo wa mlango wa dereva au chini ya boneti. Wajapani wakimwaga oili hubandika karatasi ndogo yenye tarehe na kilomita. Mimi humwambia kila anayekwenda yadi kununua gari aitafute karatasi hiyo kabla ya kutazama viti, maana kilomita zilizoandikwa pale zikizidi zilizo kwenye dashibodi, basi unajua uko na nani.

Usije ukanielewa kwamba oili nyingine yoyote ni sumu. Toyota hiyo hiyo, katika vitabu vya magari yake ya masoko mengine, huruhusu madaraja kadhaa kwa injini moja, na 5W-30 huwamo mara nyingi. Sababu moja ya Wajapani kushikilia 0W-20 ni kuokoa petroli. Kwa hiyo kama gari lako limetembea sana, linakula oili kidogo, au unapanda nalo Nairobi kila wiki likiwa na mzigo, 5W-30 ni jambo la busara kabisa na sitabishana nawe. Ninachokataa ni kuruka kutoka 20 hadi 50 kwa hoja ya jua.

Mbali na uzito kuna ubora, na hapa ndipo watu wanapoibiwa wakitazama. Nyuma ya galoni tafuta neno API na herufi mbili zinazofuata. Kwa petroli huanza na S. Herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo oili ilivyo mpya: SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020. Ukiona SF, na bado utaiona kwenye galoni za bei ya chini, jua kwamba kipimo hicho hakifai injini zilizotengenezwa baada ya 1988. Hapo mtu ametengeneza gari la 2017 na wewe unalinywesha oili ya zama za kaseti. Wenye injini ndogo za petroli zenye tabo wasishuke chini ya SP, kwa kuwa kipimo hicho kinazingatia ule mlipuko wa kabla ya wakati unaoweza kuvunja pistoni.

Wenye Mazda Demio za dizeli nawaomba wasome hapa mara mbili. Gari hilo lina chujio la moshi kwenye ekzosi, na linataka oili ya majivu machache: tafuta DL-1 au C3 kwenye galoni. Ukitia oili ya kawaida ya dizeli, ile ya malori, gari litakwenda vizuri tu, lakini majivu yake yataziba lile chujio taratibu na hayatoki. Magari ya Ujerumani nayo yana namba zao za idhini, kama 504 00 ya Volkswagen au 229.5 ya Mercedes. Fuata namba hiyo, hata muuzaji akikuapia kwamba zote ni moja.

Oili ya bandia ipo, na galoni zake hupendeza kuliko za kweli. Nunua kwa duka utakaloweza kurudi na kulalamika, dai risiti, angalia mhuri haujaguswa, na namba ya kibandiko cha KEBS uihakiki kwa simu ukiwa pale pale dukani. Ukishamimina, litoboe galoni. Wanaojaza upya huokota galoni nzima kwenye majaa ya gereji.

Kuhusu muda, Toyota kule Japani husema gari la petroli lisilo na tabo linaweza kufika kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu yake kwa matumizi magumu. Sisi ni wa matumizi magumu. Gari linalongoja feri ya Likoni likiwa limewashwa kwa ajili ya kiyoyozi, kisha likakwama Kibarani, injini imefanya kazi saa nzima na kilomita hazikusogea. Mimi sasa namwaga kila kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia, na filta inabadilishwa kila mara. Oili kuwa nyeusi si dalili ya ubovu peke yake, hiyo ni kazi yake ya kubeba uchafu. Tena usimruhusu fundi amalizie galoni zima la lita 4 kwa kuwa ati limeshafunguliwa. Injini nyingi ndogo hubeba chini ya hapo, na oili ikizidi hupigwapigwa na krankshafti mpaka ikatoa povu. Egesha pahali tambarare, zima, ngoja dakika tano, vuta kijiti uangalie mwenyewe.

Na kuna taa mbili msizichanganye. Ile ya chungwa yenye umbo la injini inakuruhusu kwenda polepole mpaka kwa fundi. Ile nyekundu yenye umbo kama mdila wa kahawa ukidondosha tone, ikiwaka ukiwa njiani, zima gari pale pale, hata kama ni katikati ya daraja la Nyali na watu wanakupigia honi.

Yule mzee nilimrudia. Sikuwa na uso wa kumwambia amekosea, basi nilimpelekea kitabu cha gari na kile kifuniko, nikamwomba anisomee kwa kuwa macho yangu yananisumbua. Akavaa miwani yake, akasoma kimya, akarudisha kifuniko mahali pake. "Basi wewe uwe unakuja na maji yako," akaniambia, "mimi kazi yangu kumwaga." Wiki iliyopita nilipita gerejini kwake baada ya Alasiri nikamkuta ameinama kwenye Fielder ya mteja mwingine, tochi mkononi, akikisoma kifuniko.