Mizizi michungu inaua mikrobe, lakini dozi ni ngapi?

Ukipita soko ya Kadutu, hapa Bukavu, utaona mizizi imefungwa mafungu mafungu. Huu wa tumbo, huu wa kidonda, ule wa malaria. Watu wanatuuliza: iko na nguvu kweli ao ni imani tu?

Nguvu iko. Mzizi unaishi ndani ya udongo wenye kujaa mikrobe na kuvu, na hauwezi kukimbia. Ndiyo maana mimea mingi inaweka sumu yake ya kujikinga pale chini. Ule uchungu unaousikia kwenye ulimi mara nyingi ndiyo hiyo sumu.

Tuchukue mfano wa kwetu Kongo. Mwaka 1929, mtaalamu Clinquart alitoa ndani ya mmea wa Kisantu, kule Bas-Congo, kitu kinachoitwa kriptolepini. Kinapatikana pia ndani ya mizizi ya ndugu ya mmea ule, Cryptolepis sanguinolenta, ambao watu wa Ghana wanachemsha juu ya malaria. Ndani ya laboratwari, kriptolepini inaua vijidudu vya malaria na hata bakteria zenye kuleta usaha.

Sasa shida inaanzia hapa. Kriptolepini inajipenyeza ndani ya ADN ya mikrobe na kuiharibu. Lakini na sisi tuko na ADN. Majaribio yameonyesha kwamba inashambulia pia chembe za mwili wa mtu. Kuua mikrobe ndani ya kichupa si sawa na kuponya mgonjwa.

Hata kinini, inayotoka kwenye maganda ya quinquina inayolimwa hapa Kivu, ukizidisha inaleta kelele ndani ya masikio na inaweza kuvuruga moyo. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa. Mzizi wa soko, nani anaupima? Mzizi mzee na mzizi kijana havina nguvu moja, maji ya kuchemsha leo ni mengi, kesho ni kidogo. Na mara nyingi baba wa kilo 70 na mtoto wa kilo 10 wanakunywa ndani ya kikombe kimoja!

Kama umekunywa, usimufiche munganga. Mwambie ni mzizi gani, ao mupelekee kipande, sababu unaweza kugombana na dawa atakayokuandikia. Mtoto mwenye homa, usingoje chungu kichemke: kwenye kituo cha afya, kipimo cha malaria cha tone la damu kinatoa jibu kwa dakika 15 mpaka 20.