Kupanda na Kushuka Vilima kwa Baiskeli: Tuliyojifunza Kikundini



Sisi wa Rapsu tunaishi nchi ya chini yenye joto. Upande wa magharibi twaiona Milima ya Nyambene, ambayo vilele vyake hupita mita 2,000. Siku moja kikundi chetu kilikata shauri kupanda huko kwa baiskeli, tuone wenzetu wanavyochimba makinga maji, halafu turudi siku hiyo hiyo. Nauli ya gari kwa watu kumi na wawili ingemaliza akiba yetu, na baiskeli tunazo.

Kupanda hakukutushinda. Baiskeli zetu ni zile nzito zisizo na gia, basi penye mwinuko mkali tulishuka tukasukuma. Hiyo si aibu. Anayeng'ang'ania kukanyaga pedali mpaka kileleni huishiwa nguvu kabla ya saa sita.

Taabu ilikuwa kushuka. Mwenzetu mmoja alifunga mkungu wa ndizi kwenye keria. Kwenye kona breki zikakataa, na mbele kulikuwa na mtoto anachunga mbuzi. Alikata usukani akaingia mtaroni. Mtoto hakuguswa, naye akachubuka mkono tu. Tulipotazama, raba za breki zilikuwa zimekwisha, chuma kitupu kinasugua rimu. Kule kwetu tambarare alikuwa akisimama kwa miguu, hata hakujua!

Kwa nini mteremko ni hatari hivyo? Baiskeli yenye mzigo huzidi kasi kila hatua, na kazi yote ya kuizuia hufanywa na vipande vidogo vya raba. Ukibana breki muda mrefu, rimu na raba hupata moto na breki hulegea. Ukibana ya mbele peke yake kwa ghafla, waweza kurushwa juu ya usukani. Rimu ikilowa, breki huchelewa kushika. Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Siku moja kabla, kagueni kila baiskeli: raba za breki, nati za magurudumu, cheni, taya. Iliyo mbovu ibaki nyumbani au iende kwa fundi.

2. Punguzeni mwendo kabla ya mteremko, si katikati. Baneni breki zote mbili, mwachie kidogo, mbane tena. Mkiona zimelegea, simameni zipoe.

3. Mteremko ukiwa mkali na mzigo upo, shukeni mkokote.

4. Achaneni nafasi kubwa. Mzoefu mmoja atangulie, mwingine awe wa mwisho, asiachwe mtu nyuma.

5. Bebeni pampu, spana, gundi, viraka na msasa wa kusugulia tyubu.

6. Kila mtu achukue maji ya kutosha, anywe kidogo kidogo kabla kiu haijamshika. Mtu akiharisha njiani, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe polepole. Kizunguzungu kikimzidi kwa joto, mpumzisheni kivulini, mumwagieni maji, mtafute zahanati.

7. Tuko karibu na ikweta, basi jua huchwa kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Ondokeni kumekucha na mfike kabla ya giza. Sisi ni majirani wa mbuga ya Meru, na nyati na tembo hawajui mpaka.

Siku ile tulirudi salama, na leo wengine wetu wamekwisha chimba makinga maji. Lakini raba mpya za breki ni bei ndogo sana kuliko mtoto wa mwenzio. Siku hizi kikundi chetu hakiondoki kabla ya ukaguzi.

Ya kujadili kikundini: Nani kwetu anajua kukagua breki? Je, tuweke senti kidogo kila mwezi za kutengeneza baiskeli?